Namna ya kuandika mateso na raha kwenye stori ya nchi ya kubuni

Wadau wa kuandika, hasa nyie vijana wa hapa Arusha mnaonitumia rasimu zenu, kuna kitu nakiona kinajirudia nikaona bora nikiandike mara moja kirefu. Wengi mnapenda kuandika nchi ya kubuni, iwe ile nchi njema ambayo bado haipo au ile nchi mbaya ambayo tunaomba isije, wasomi wanaziita utopia na distopia, mi humu nitaziita nchi njema na nchi mbaya tu. Na mnaandika kwa moyo kabisa. Ila nchi mbaya zenu zina askari na damu kila ukurasa mpaka msomaji akifika ukurasa wa tatu keshazoea, haumii tena, na nchi njema zenu watu wanatabasamu asubuhi mpaka jioni, bustani, maua, ndege wanaimba, msomaji anasinzia. Ugonjwa ni mmoja kote. Mwandishi hajaamua nani anaumia, anaumia wapi, na nani anafurahi kwa gharama ya nani. Amua hayo kwanza, magari yanayopaa na majina ya viongozi yatakuja yenyewe.

Anza na kinachouma kweli

Kabla hujachora ramani ya nchi yako chukua karatasi uandike sentensi moja tu: hapa kwetu kinachoniuma ni hiki. Kimoja. Sio rushwa na ukabila na ajira na foleni na mazingira vyote kwa pamoja, ukibeba vyote hutaweza kukifuata hata kimoja mpaka mwisho.

Thomas More, mwandishi Mwingereza, alipoandika Utopia, kitabu kilichotoka 1516, hakuanza na kisiwa. Sehemu ya kwanza imejaa malalamiko kuhusu Uingereza ya wakati ule, wakulima wanafukuzwa mashambani ili wenye mali wafuge kondoo wauze sufu, waliofukuzwa wanakosa chakula wanaiba, wakiiba wananyongwa. Ndo kwenye sehemu ya pili tunapelekwa kisiwani, ambako hakuna mali ya mtu binafsi, watu wanafanya kazi masaa sita kwa siku, na dhahabu wanaidharau mpaka wanaitengenezea vyombo vya kujisaidia usiku na minyororo ya watumwa. Ukisoma taratibu utaona kila raha ya kule kisiwani inajibu kidonda fulani cha sehemu ya kwanza. Aliyefukuzwa shambani anapewa nchi ambayo shamba halina mwenyewe. Na hiyo minyororo ya watumwa naomba uikumbuke, tutaihitaji mbele.

Sisi wa mji huu hatuna haja ya kwenda mbali hata hivyo. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapa hapa Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Nenda pale Makumbusho ya Azimio siku ukiwa na nafasi, alafu lisome Azimio lenyewe, lisome kama mwandishi, uache kulisoma kama mwanafunzi wa uraia anayetafuta maksi. Linasema tumeonewa, tumenyonywa, tumepuuzwa, kidonda kimewekwa mezani, alafu linaonyesha nchi itakayokuja, kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa kwenye kampuni. Baadae, kati ya 1973 na 1976, ikaja Operesheni Vijiji, watu mamilioni wakahamishiwa vijiji vya pamoja, sehemu nyingine kwa nguvu na nyumba zao za zamani zikabomolewa au kuchomwa moto ili wasirudi. Nia iliyotajwa ilikuwa watu wawe karibu na shule, zahanati na maji. Shule zilijengwa kweli na nyumba zilibomolewa kweli. Mwandishi anayeweza kushika hivyo viwili kwa mkono mmoja bila kudondosha hata kimoja, huyo tayari anajua kuandika nchi ya kubuni. Euphrase Kezilahabi aliingia humo humo na riwaya yake Gamba la Nyoka mwaka 1979, kitafute.

Sasa niwape mfano tutakaoufanyia kazi mpaka mwisho, nimeutunga kwa ajili ya mwongozo huu, anayeutaka auchukue.

Kinachouma: msiba. Huku kwetu msiba ni mzigo mzito, mtu anafia mjini maiti inapelekwa nyumbani, Machame, Marangu, Rombo, Meru, inazikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kwa wazee wake, ndugu wanasafiri usiku kucha, turubai, viti, michango, na watu wakishaondoka aliyefiwa anabaki na deni na uchungu ambao hakuna aliyemfundisha pa kuuweka. Nimewaona watu wazima wameanguka kwa miaka. Basi mi natunga nchi inaitwa Tulizo, mji wake unafanana na Arusha, mlima uko kaskazini, mto unakatiza katikati. Zamani za Tulizo ulipita ugonjwa mkubwa, kila nyumba ikafiwa, watu wakalia mpaka mashamba yakafa, na viongozi waliobaki, watu wema kabisa, wakatunga sheria moja: huzuni mwisho wake jua kuzama. Ukifiwa unalia siku hiyo. Kesho yake asubuhi kijana wa Idara, yaani ofisi ya serikali inayosimamia sheria hiyo, anakuja kuchukua vitu vyote vya marehemu, na jina lake halitamkwi tena.

Hakuna mjeledi humo. Watu wa Tulizo wanalala usingizi, wanafanya kazi, hawana madeni ya mazishi. Nchi njema au mbaya? Usimjibie msomaji.

Andika bili

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu. Kila raha kwenye nchi yako ya kubuni ina mtu anayeilipia, na wewe lazima umjue kwa jina hata kama stori haitamtaja. Chukua karatasi nyingine, kushoto andika raha, kulia andika mlipaji. Masaa sita ya kazi kule kwa More, mlipaji mmojawapo ni yule wa kwenye minyororo, yeye ndo anafanya kazi chafu ambazo raia hawazitaki, kama kuchinja wanyama. More hakumpa yule mtumwa hata mstari mmoja wa kuongea. Mi naona hapo ndipo kitabu kinapooza, na kwa mwandishi wa leo hapo ndipo pa kuingilia.

Aliyeandika bili kwa ukali kuliko wote ni Ursula Le Guin, kwenye stori fupi ya mwaka 1973 kuhusu mji unaoitwa Omelas. Mji wa raha tupu, sherehe, farasi, muziki, alafu chini ya jengo moja kuna chumba hakina dirisha na ndani kuna mtoto mmoja amefungiwa, mchafu, hana wa kumsemesha, na raha yote ya mji imefungwa kwenye mateso ya mtoto huyo. Akitolewa yote inaisha. Watu wa mji wanajua. Wengine wakishamuona wanaondoka mjini, kimya kimya, mmoja mmoja. Angalia alivyomuandika yule mtoto, hakusema anateseka sana akaishia hapo. Amesema kwenye kile chumba kuna mafagio ya kudekia yananuka na mtoto anayaogopa. Mtoto anaogopa mafagio! Ukishasoma hilo huwezi kumtoa tena kichwani, kwa sababu ni woga wa mtoto kabisa, hauhitaji ufafanuzi.

Kwa hiyo bili ya Tulizo. Raha: usingizi, amani, hakuna deni. Wanaolipa nimewapata wawili. Wa kwanza ni mama aliyefiwa na mtoto. Wa pili mwanzoni sikumfikiria kabisa ila bili ikamleta yenyewe, ni yule kijana wa Idara. Nani anafanya kazi ya kuingia nyumba za watu kila asubuhi kukusanya viatu vya marehemu? Watoto wa wenye nyumba Njiro hawafanyi. Watafanya vijana wa Unga Limited, wenye shida ya ada na kodi, na yeye ndo mtu pekee kwenye mji mzima anayebeba misiba yote kwenye gunia, kila siku, na hana ruhusa ya kulia kwa sababu hakufiwa yeye. Unaona stori inavyojifungua ukiuliza nani analipa.

Swali la pili la bili: wanaofaidi wanajua? Wakiwa hawajui una stori ya siri inayofichuka. Wakiwa wanajua una stori ya dhamira, nzito zaidi, na kwa maoni yangu ndo bora, maana sisi wenyewe mambo mengi tunayajua.

Mateso yawe na saa, kitu na adabu

Rasimu nyingi zinaandikwa hivi: Serikali ya Tulizo ilikuwa katili mno. Wananchi waliteseka sana na machozi yao hayakukauka. Askari hawakuwa na huruma hata chembe.

Hapo hakuna mtu. Nani katili, saa ngapi, alishika nini mkononi? Sasa soma hii:

Saa kumi na mbili kasoro kijana wa Idara alibisha hodi, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. "Shikamoo mama. Pole kwa yaliyopita." Mama Neema akaitikia marahaba, akamvutia kiti. Kijana akatoa fomu akasoma kwa sauti ya chini, picha, viatu, sare ya shule, madaftari, mswaki. Mama akaleta kimoja kimoja. Kwenye mswaki alichelewa kidogo na kijana akasubiri akiangalia sakafu. Mwisho wa fomu palikuwa na mstari mmoja umebaki. "Jina la kuitwa," kijana akasema. "Kuanzia leo majirani watakuita Rehema." Alipoondoka, mama akakuta kitana kimesahaulika kwenye dirisha la bafuni, nywele zimo bado. Akakizamisha kwenye ndoo ya unga mpaka kikafunikwa, akasawazisha unga kwa kiganja.

Hakuna damu, hakuna neno huzuni, wala chozi, na mtesaji ameamkia shikamoo. Kwetu mama anaitwa kwa jina la mtoto wake, kwa hiyo mtoto akifutwa na mama anafutwa naye, sheria imeingia mpaka kwenye salamu za asubuhi. Hiki ndo ninachomaanisha nikisema nchi yako ya kubuni itoke hapa hapa tunapoishi. Mwandishi wa London hawezi kukuandikia huo mstari wa mwisho wa ile fomu, wewe unaweza, na unao mwingi kama huo ndani ya nyumba yenu, kwenye kikao cha ukoo, kwenye vikoba, kwenye jani la isale ambalo Mchaga akikuletea kuomba msamaha inabidi umsikilize. Fikiria nchi ambayo isale imepigwa marufuku. Au nchi ambayo serikali inagawa isale kwa foleni na kila mtu analazimishwa kusamehe ifikapo Ijumaa. Hizo nazo chukueni.

Vitu vitatu basi vya kukagua kwenye kila tukio la mateso. Saa, yaani msomaji ajue ni alfajiri au mchana. Kitu, yaani kitu cha kushika, mswaki, kitana, fomu. Na adabu, yaani watu waendelee kuishi kama watu, wasalimiane, wakaribishane viti, mtesaji awe mtoto wa mtu. Askari anayefoka tunamchukia tukamsahau. Kijana aliyevua viatu mlangoni tunabaki naye.

Na serikali ya nchi mbaya iandike kwa Kiswahili chake cha ofisini, kile cha upole kisicho na mtendaji. Usiandike tangazo la Tulizo kwa vitisho. Andika hivi: Wakazi wote mnakumbushwa kuwa muda wa maombolezo unakoma jua linapozama. Vitu vya marehemu vikabidhiwe kwa utaratibu uliowekwa. Ushirikiano wenu unathaminiwa. Tumekua tukisoma matangazo ya namna hiyo yamebandikwa kwenye milango ya ofisi za kata, msomaji atalijua bila kuambiwa.

Mkuu wa nchi naye aamini anachofanya. Shaaban Robert kwenye Kusadikika, 1951, alimpa mshitaki jina Majivuno, ukisikia tu jina umeshamjua mtu, na kwenye kitabu kile inafaa kwa sababu kitabu chote ni kesi, Karama amesimama barazani anajitetea na kila mtu amebeba jina la tabia yake. Naupenda sana utaratibu ule na Kiswahili cha mle ndani sijaona mfano wake. Ila ukiandika leo mtu anayeitwa Waziri Uovu, msomaji hana kazi ya kufanya. Mkuu wa Tulizo mi nimempa kaburi, alizika wanawe wakati wa ugonjwa, na hawezi kuyataja majina yao kwa sheria aliyoitunga mwenyewe. Anaamini amewaokoa wengine. Na kuna usiku ambao kweli amewaokoa.

Raha ndo kazi ngumu

Watu wanadhani mateso ndo magumu kuandika. Hapana. Mateso yana tukio, kitu kimevunjika, mtu amepotea, stori inasukumwa mbele. Raha inataka kukaa pale pale. Ndo maana nchi njema nyingi zinaandikwa kama taarifa ya mradi, shule hizi, hospitali hizi, barabara hizi. Usikate tamaa, kuna njia.

Njia ya kwanza, mpitishe mgeni mwenye makovu. Katama Mkangi kwenye Walenisi, mwaka 1995, amemchukua Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo kwenye nchi ya dhuluma akatiwa kwenye chombo cha angani ili akafie huko, akafika nchi ambayo watu ni sawa. Kwa sababu ametoka kwenye hukumu ya kifo, kila kitu cha kawaida kwa wenyeji kwake ni ajabu. Sisi tunafurahi kupitia mwili wake. Nchi njema ukiionyesha kwa macho ya mwenyeji aliyezaliwa humo haionekani, amezoea. Ilete kwa mtu aliyewahi kulala njaa, akae mezani, apewe sahani ya machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, asiamini kwamba hakuna atakayekuja kumuuliza kitambulisho, ale haraka haraka, ale mpaka mwenyeji amwambie pole pole kaka, kingine kipo jikoni.

Njia ya pili, raha iandikwe kwa vitendo vya mikono. Futa kila "alifurahi", "alijawa na furaha", "tabasamu pana". Mtu anamenya ndizi za mtori kumpikia mdogo wake aliyejifungua, anachemsha nyama mpaka ilainike, anaponda, anaonja chumvi, anafunika sufuria na sahani ili lisipoe, anavuka barabara nalo limefungwa kwenye kanga huku mvua ya Aprili inaanza. Hiyo ni raha, na humo ndani hakuna aliyesema anafurahi.

Njia ya tatu, na hii ndo inayofanya nchi mbaya isimame, weka raha ya kweli ndani ya nchi mbaya, weka mapema, na uiweke ndogo. George Orwell kwenye kitabu chake cha 1949, Nineteen Eighty-Four, kile cha Kaka Mkubwa anayekutazama, kinachokumbukwa na wengi ni mateso ya mwishoni, chumba namba 101 na panya. Lakini rudi nyuma uone alichofanya kabla ya hapo. Winston, mhusika mkuu, ananunua kwenye duka la vitu vya zamani kipande cha kioo chenye marijani ndani, hakina kazi yoyote, kizuri tu. Julia, mpenzi wake, anamletea kahawa ya kweli na sukari ya kweli, sio zile za mgao za serikali. Wana chumba chao juu ya duka. Kurasa zile ni za raha kabisa, na ndo maana walipokuja kukamatwa na kile kioo kikapasuliwa chini, msomaji anaumia kabla hata hajapigwa mtu. Mateso yanapimwa kwa kilichokuwepo kabla. Kama hukuweka kitu, hakuna cha kuvunja.

Kwenye Tulizo raha nimeiweka hivi. Usiku, umeme umekatika, mvua inanyesha kwenye bati mpaka huwezi kusikia la jirani. Mwanamke wa nyumba ya pili anakuja uani, anasogea mpaka kwenye dirisha la jikoni, anasema, "Mama Neema, una chumvi?" Kwenye mvua ile hakuna mwingine anayeweza kusikia. Rehema anachota chumvi, anaifunga kwenye karatasi, anaipitisha dirishani, na hamwachii mkono haraka. Kesho yake mvua tena, jirani anakuja kuomba chumvi tena. Chumvi anayo.

Ukiweka hiyo ukurasa wa kumi, ukurasa wa thelathini jirani akihamishwa mtaa huna haja ya kueleza chochote.

Njia ya nne, mshawishi msomaji kabla hujamtisha. Aldous Huxley kwenye Brave New World, mwaka 1932, alitunga dunia ambayo mtu akijisikia vibaya anameza kidonge kinaitwa soma anatulia, hakuna vita, hakuna uzee wa kuchosha, hakuna wivu wa mapenzi. Na ubaya wake unakuja taratibu, mpaka John, aliyekulia nje ya ile dunia, anasimama mbele ya mtawala kudai haki ya kutokuwa na furaha. Nguvu ya dai lile inatokana na kwamba mtawala ana hoja. Kwa hiyo usiandike nchi ambayo hakuna mtu mwenye akili angeitaka. Kwenye Tulizo lazima awepo mtu ambaye sheria imemponya kweli, mi nimeweka mzee fundi cherehani, alifiwa na mkewe, alikuwa hali wala hasemi, siku vitu vilipochukuliwa akalala usiku kucha kwa mara ya kwanza na asubuhi akafungua cherehani. Anaipenda sheria. Mpe sura yake nzima, mpe maneno mazuri, akibishana na Rehema sokoni asishindwe kirahisi.

Kwa upande wa nchi njema, acha maumivu ambayo hakuna sheria inayoyaondoa. Hata kisiwani kwa More watu wanaugua, na mgonjwa asiyepona anayeteseka sana makuhani na viongozi wanaweza kumshauri achague kufa kwa hiari yake. Kwenye nchi yako njema mtu apende asipendwe, mtoto wa kiongozi awe na kigugumizi, goti la bibi liume wakati wa baridi ya Julai. Wasomaji wataiamini nchi yako kwa goti la bibi kabla ya katiba yake.

Mipaka

Hili naliandika kwa uzito. Mateso mengi tunayoyabuni yalimpata mtu, na huyo mtu anaweza kuwa jirani yako. Ukichukua habari ya familia iliyobomolewa nyumba ukaiweka kwenye stori, badilisha mtaa, badilisha kazi ya baba, badilisha idadi ya watoto, na kama unamfahamu mwenyewe muombe. Tukio la kubakwa au la mtoto kupigwa usiliandike kwa kulifuata hatua kwa hatua, ishia mlangoni, alafu rudi saa mbili baadae tuone nani anafua nini. Mwili wa mtu usiwe sinema, hata mtu wa kubuni. Na usiongeze mateso kwa sababu umeona stori inapoa. Ikipoa rudi kwenye bili, kuna mlipaji umemsahau.

Kumaliza

Mwisho wa stori za namna hii unawasumbua wengi, serikali ianguke au isianguke. Kwenye Kusadikika wajumbe waliofungwa, wale ambao habari zao Karama anazisimulia akijitetea, wanaachiwa na Karama anashinda kesi, na kitabu kilitoka Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, ushindi ule ulikuwa na kazi yake. Orwell kamvunja Winston kabisa. Le Guin kawaacha watu wanaondoka na hasemi wanaenda wapi. Yote matatu ni sahihi, kwa sababu kila mmoja amejibu swali aliloanza nalo. Rudi kwenye ile sentensi yako ya kwanza, kinachoniuma ni hiki, na mwisho ujibu hicho. Ya kwangu ni huzuni isiyo na pa kuwekwa, kwa hiyo sihitaji mapinduzi, nahitaji Rehema apate pa kuiweka. Nafikiri yule kijana wa Idara atarudi siku moja jioni bila fomu, na mkononi atakuwa na jina la mtu wake mwenyewe. Kama serikali ya Tulizo itabaki au itaondoka sijaamua na sina haraka.

Usianze na riwaya. Anza na nyumba moja, siku moja, kurasa nne au tano, sheria moja ya nchi, mtu mmoja anayefaidi na mmoja anayelipa. Ukimaliza chukua kalamu mbili za rangi, pigia mstari mateso kwa nyekundu na raha kwa kijani. Kama kurasa zote ni nyekundu tupu au kijani tupu bado hujamaliza. Alafu mpe mtu asome, asiwe mwandishi, awe dada yako au fundi simu wa pale Kilombero, usimweleze kitu kabla, na akimaliza muulize swali moja tu, ungehamia huko? Akijibu hapana papo hapo, raha yako haijatosha, irudie. Akijibu ndiyo papo hapo, bili haionekani, mlete mlipaji karibu. Akinyamaza kwanza, alafu akakuuliza kama yule jirani wa chumvi alirudi, endelea na kurasa zinazofuata.